Mwisho ninaujua, mbona bado ninasoma? Swali kwa wapenzi wa riwaya za mapenzi

Nesi wa Zamu, Morogoro

Habari zenu ndugu wasomaji. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazazi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma riwaya za mapenzi kwenye zamu za usiku, hasa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, wakati ambapo, Mungu akijalia, kina mama wamelala, watoto wamenyonya, na kinachosikika ni feni peke yake. Za Kiswahili nazisoma nikizipata, na zile nyembamba za Kiingereza zinazouzwa kando ya barabara nazisoma pia. Kitabu kilichomo mkobani mwangu wiki hii nimekwisha kukisoma mara tatu, na jalada lake limeachia hadi nimelishikiza kwa plasta.

Majuzi kaka yangu, ambaye ninamheshimu sana na ambaye ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza chuo, alikiona kitabu hicho mezani kwangu. Aliniuliza kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, huyu binti si atampata huyu bwana? Hilo ulilijua tangu ukurasa wa kwanza, na sasa unakisoma mara ya nne. Unatafuta nini humo?" Nilimjibu kwamba kinanipumzisha, naye akasema kwamba hata usingizi unapumzisha. Nikakosa la kuongeza.

Naomba mnisaidie kulifikiri jambo hili kwa makini. Sihitaji kuambiwa kwamba kila mtu ana uhuru wa kusoma akipendacho, kwa sababu hilo halimjibu kaka. Ninachotaka kujua ni hiki: raha hii inatoka wapi ilhali mwisho unajulikana, na je, riwaya za aina hii zina thamani yoyote zaidi ya kunivusha usiku?


Mwalimu Mstaafu, Tanga

Binti yangu, kaka yako ameuliza swali la haki, na mimi nitalijibu kwa kitabu kimoja ambacho nimekaa nacho muda mrefu, Pride and Prejudice cha Jane Austen, kilichotoka London mwezi Januari 1813 kikiwa juzuu tatu. Nakichagua kwa kuwa vile vitabu vyako vyembamba vya Kiingereza, kwa sehemu kubwa, bado vinafuata njia iliyochongwa humo.

Mtu akishasoma sura chache tu za mwanzo anajua kwamba Elizabeth Bennet na Bwana Darcy watafikia kuoana. Sasa tazama mwandishi anavyoitumia hali hiyo. Posa ya kwanza haiji mwishoni, inakuja katikati ya kitabu. Darcy anaingia chumbani, anakaa, anasimama, anazungukazunguka dakika kadhaa bila kutamka neno, kisha anamwambia Elizabeth kwamba anampenda, na hapohapo anaanza kumweleza jinsi ukoo wake ulivyo wa chini na jinsi alivyopigana na nafsi yake ili asimpende. Elizabeth anamkataa, tena kwa maneno mazito. Asubuhi ya pili yake Darcy anamvizia njiani, anamkabidhi barua, na kuondoka.

Ningependa kaka yako aisome hiyo sura ya barua. Elizabeth anaisoma mara ya kwanza akiwa na hasira, haamini lolote lililoandikwa, anaikunja na kujiapiza kwamba hataitazama tena. Haipiti hata dakika moja, anaikunjua. Safari hii anaisoma sentensi kwa sentensi. Anajikumbusha nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani. Anakumbuka kwamba Wickham, kijana mchangamfu ambaye Elizabeth alimwamini kuliko Darcy, alimmwagia habari zake za ndani siku ya pili tu ya kufahamiana, na anajiuliza kwa nini hakuona tangu mwanzo kwamba huo haukuwa uungwana. Anatembea njiani saa mbili nzima na barua mkononi. Katika karatasi ile hakuna herufi iliyobadilika, lakini yeye aliyeimaliza siye yule aliyeianza.

Kwa hiyo mambo yote ya kitabu kile yanageuka pale ambapo mtu anasoma kwa mara ya pili. Wewe ukikifungua kitabu chako mara ya nne unafanya kazi ileile. Katika usomaji wa kwanza macho hukimbilia mbele, maana unataka kujua kama watapatana. Ukishajua, macho yanatulia, na unaanza kusikia namna watu wanavyosemezana: nani anakatiza maneno, nani ananyamaza akiwa na la kusema, nani anauliza swali na kungoja jibu. Wanafunzi wangu waliokuwa wakisoma hadithi mara moja waliweza kunisimulia kisa chote, lakini nilipowauliza kwa nini mhusika alisema vile badala ya vile, ni wale waliorudia ndio walionijibu.

Na usikubali kuambiwa kwamba riwaya ya namna hii ni mapenzi matupu. Baba yake Elizabeth ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume, na mali ya Longbourn imefungwa kisheria irithiwe na mwanamume, kwa hiyo akifa nyumba inakwenda kwa binamu yao Collins. Collins anamposa Elizabeth, anakataliwa, na baada ya siku chache tu anaposa kwa rafiki yake Elizabeth, Charlotte Lucas, mwanamke mwenye akili, mwenye umri wa miaka 27, ambaye anamkubali kwa sababu anataka nyumba yake mwenyewe. Austen hamcheki Charlotte. Baadaye anatuonyesha jinsi alivyojichagulia chumba cha kukaa upande wa nyuma wa nyumba ili mumewe, ambaye anapenda vyumba vinavyotazama barabara, asishinde humo. Chumba hicho kimoja kinaeleza habari za ndoa isiyo na mapenzi kuliko hotuba nzima. Elizabeth anaolewa kwa mapenzi akiwa anaona waziwazi mwenzake alivyoolewa kwa sababu ya paa, na msomaji anaijua thamani ya kimoja kwa kukipima na kingine.


Muuza Vitabu, Dar es Salaam

Shikamoo Mwalimu. Mimi sina elimu ya kuchambua, lakini vitabu hivi ninaviuza kwenye turubai kando ya barabara huu mwaka wa kumi na tisa, kwa hiyo wasomaji wake ninawajua.

Wengi hawanunui kwangu moja kwa moja, wanabadilisha. Mteja analeta viwili anaondoka na kimoja, au anarudisha na kuongeza fedha kidogo. Ukifungua jalada la nyuma la kitabu kilichozunguka sana utakuta herufi ndogo za kalamu: M.K., halafu Z., halafu nyota, halafu alama ya tiki. Kila mmoja ameweka alama yake ili siku kitabu kikimrudia akijue. Nilidhani mwanzoni kwamba alama hizo ni za kuwazuia wasichukue tena walichokwisha kusoma. Sivyo. Nina mama mmoja mwenye alama ya jani ambaye akiiona alama yake ndiyo kwanza anafurahi, anakichukua tena na kuongeza jani la pili. Nimepata kukuta kitabu chenye majani matano.

Nilipotaka kujua habari za vitabu hivi vya Mills & Boon, maana ndivyo vinavyonilisha, niliona kwamba kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, na mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila namna. Katika miaka ya 1930 ndipo ilipoelemea kwenye mapenzi, na wakati huo watu wengi wa Uingereza hawakuwa wakinunua vitabu hivyo. Waliviazima madukani kwa senti chache, wakasoma, wakarudisha. Baadaye, mwaka 1971, kampuni ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada, iliyokuwa imeanzishwa Winnipeg mwaka 1949. Nilifarijika sana kujua kwamba utaratibu wa kwenye turubai langu, wa chukua-soma-rudisha, ndio uliovikuza vitabu hivi huko vilikozaliwa.

Dada Nesi, nikuambie na jambo moja nililoliona mwenyewe. Mteja wa riwaya ya upelelezi hukisifu kitabu kwa kuniambia hakuweza kukisia. Mteja wa mapenzi huniambia, "Yule kaka alivyomsubiri pale kituoni!" Anakumbuka pahali pamoja na anapasimulia kana kwamba alikuwapo.


Ukwaju wa Ng'ambo, Unguja

Assalaam aleikum. Nimesoma maelezo ya Mwalimu kwa faida kubwa, ila nina mahali ninapotofautiana, na naomba nipaseme kwa adabu. Mazungumzo haya yamechukulia kwamba riwaya ya mapenzi ni ile inayomalizika kwa ndoa njema. Huko Ulaya na Marekani wafanyabiashara wa vitabu ndivyo wanavyoigawa. Kwetu sisi riwaya ya mapenzi haijafungwa na sharti hilo, na raha yake haipungui.

Chukueni Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kutengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia, nduguze wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili wa mitaa ya Ng'ambo hapa Unguja, ambaye hana kitu lakini ana moyo. Hapo ndipo Yasmin anapokutana na Denge, kijana anayepigana na serikali ya kikoloni. Mapenzi yao ni ya kweli, na hayaishii katika nyumba moja. Mimi nimezaliwa mitaa hiyo. Mara ya kwanza nilipoisoma niliumia kwa ajili ya Denge na Yasmin. Mara ya pili, nikiwa mtu mzima na nimekwisha kuzika wazazi, niliyemwona ni Mwajuma. Mwanamke aliyemfungulia mlango mtu asiye wa kabila lake, akampa mahali pa kulala, ni mapenzi ya aina gani hayo? Riwaya imeyaweka mapenzi hayo mbele yetu tangu mwanzo, na mimi nilipita juu yake kwa sababu nilikuwa natafuta busu.

Wanaosema mapenzi ni jambo dogo kuandikiwa vitabu hawaijui lugha yao. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliitungia Mombasa tungo za siasa na vita, na kalamu hiyohiyo ikatunga za mapenzi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sehemu kubwa ya alichokibeba kifuani ilikuwa habari za wapendanao. Na zilipochaguliwa riwaya za Kiswahili za kidato cha tano na sita huko Tanzania Bara, Vuta n'Kuvute ilikuwamo, na Mfadhili ya Hussein Tuwa ilikuwamo, ambamo yamo mapenzi ya Gaddi Bullah na Dania. Zilisomwa kwa mtihani, bega kwa bega na Shaaban Robert.

Kwa hiyo Dada, kwa kaka yako ningeongeza hili: mwisho mwema si sharti. Ampe Yasmin nafasi.


Mama Wawili, Muscat

Nawasalimu wote. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, ninaishi Oman na wanangu wawili, na ninataka kusimama upande wa mwisho mwema, kwa heshima zote kwa Ukwaju.

Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Janice Radway, alitoa kitabu kuhusu wanawake wa mji mmoja wa Marekani waliokuwa wakisoma riwaya za mapenzi kwa wingi. Wengi walikuwa wake na mama wa nyumbani. Alipowauliza kwa nini wanasoma, walimjibu zaidi kuhusu kitendo chenyewe cha kusoma kuliko kuhusu kisa. Walikuwa watu wa kuhudumia wengine kuanzia alfajiri hadi usiku, na kitabu kilipokuwa mkononi kilitangazia nyumba nzima kwamba muda huu ni wa mama. Tena baadhi yao walikuwa wakifungua kurasa za mwisho kwanza, wahakikishe kwamba mambo yanaisha vizuri, ndipo wakinunue.

Niliposoma habari hizo nilijiona. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa namuuguza mama yangu mzazi hapa nyumbani. Kila siku ilikuwa na dawa saa kumi na mbili, dawa saa sita, kumgeuza, kumwosha, kumsikiliza. Sikuwa na nguvu ya kufungua kitabu ambacho kingeweza kuniulia mtu ukurasa wa mia mbili bila kunitaarifu. Nilitaka mahali ambapo watu wawili wataumizana, waeleweshane, na mmoja aseme "nilikosea" kabla hawajachelewa. Nilikuwa nasoma nimeegemea kitanda chake, na yeye akipata nafuu aliniambia nimsomee kwa sauti, akawa anamkemea yule mwanamume kwa Kipemba.

Kuna jambo moja ningependa lisemwe pia, kwa sababu tukizipenda riwaya hizi ni wajibu wetu kuzisema. Katika zile za zamani, hasa za miaka ya 1970, zipo ambazo mwanamume anamlazimisha mwanamke na mwandishi anaita hayo mapenzi. Binti yangu ana miaka kumi na sita na anasoma kwenye rafu yangu. Vitabu hivyo viwili vitatu sikuvificha wala sikuvitupa. Tulikaa tukasoma ukurasa mmoja pamoja, nikamwuliza: hapa huyu dada amesema nini, na huyu bwana amesikia nini? Alinijibu upesi kuliko nilivyotazamia. Nadhani aliweza kwa sababu alikuwa amekwisha kusoma vingine vingi ambamo mwanamume anauliza na anangoja kujibiwa, akawa na cha kulinganisha.


Nesi wa Zamu, Morogoro

Mwalimu, shikamoo, na wengine wote ahsanteni. Nimeyasoma majibu yenu jana usiku kazini, mara mbili.

Baada ya maneno ya Mwalimu nilikifungua kitabu changu na kukisoma kwa kutulia, nikitafuta ni kitu gani hasa kinachonirudisha. Nimekipata, na ni kidogo. Yule bwana katika kitabu hasemi kwamba anampenda yule dada mpaka karibu na mwisho. Lakini kabla ya hapo, katika mahali patatu tofauti, anamwuliza kama amekula. Mara ya kwanza wamegombana na anauliza akiwa amempa mgongo. Mara ya pili ni kwenye simu. Mara ya tatu haulizi tena, anaweka sahani. Katika usomaji wa kwanza na wa pili sikuiona hata moja ya hizo tatu. Nilikuwa nangoja atamke neno lenyewe.

Ndugu Ukwaju, nimeliazima Vuta n'Kuvute kwa mwenzangu wa maabara na nitamtafuta Mwajuma kama ulivyonielekeza. Ila kuhusu mwisho mwema niko pamoja na Mama Wawili, na naona sasa sababu yake. Ninafanya kazi mahali ambapo mwisho haujulikani. Mama anaingia saa nne usiku akitembea mwenyewe, anacheka na shemeji yake mlangoni, na mimi nikimpima presha sijui alfajiri itanikuta nikiandika nini kwenye faili lake. Mara nyingi sana ni heri, na namshukuru Mungu. Si kila mara. Usiku kama huo, ninapokuwa na nusu saa, ninataka kuwatazama watu wawili kwa utulivu, kila neno na kila sahani, na hilo siliwezi ikiwa moyo wangu unaogopa yatakayowapata. Kitabu kikiniahidi mwisho, kinaniondolea hofu hiyo, na macho yangu yanakuwa huru kutazama.

Nimempigia kaka leo mchana nikamweleza hivyohivyo. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba wifi yangu, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, alikuwa akimwekea chai kwenye chupa kila siku bila kumwambia, na kwamba ilimchukua miezi kujua kwamba haikuwa ya nyumba nzima. Alikuwa hajawahi kunisimulia habari hizo. Tuliongea mpaka salio likaisha.